Anayejua na asiyesema



Mama mmoja muuguzi, mkazi wa kata ya Chuno hapa Manispaa ya Mtwara-Mikindani, aliwahi kuniambia kwamba kuna salamu moja aliyoiacha tangu mwaka wake wa kwanza kazini. Akikutana na mtu sokoni, kwenye bajaji au mlangoni mwa kanisa, atasema "shikamoo", atasema "habari za leo", ataulizia za nyumbani. Lakini hamuulizi mtu "unaendeleaje?" Nilitaka kujua sababu. Akanijibu: "Baba, mimi nikimuuliza mtu 'unaendeleaje', yule aliyesimama naye atajiuliza: kwani huyu alikuwa anaumwa?"

Nimekuwa padre kwa zaidi ya miaka 20, na nimesalimiana na maelfu ya watu. Sikuwahi kufikiri kwamba neno moja la salamu, tena la huruma, linaweza kumvua mtu nguo mbele za watu. Muuguzi huyu amenipa ruhusa kuandika haya, nami nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike yeye wala wale anaowahudumia. Leo nataka tutafakari kazi yake. Sisemi sindano na vidonge, ambavyo wote tunavifahamu. Nasema ile sehemu ya kazi yake isiyoonekana: kujua, na kunyamaza.

Kwanza niungame kosa langu, maana si haki kuwahubiria wengine nikijiacha mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita mwimbaji mmoja wa kwaya yetu, mwenye sauti nzito ya besi, hakuonekana kanisani kwa wiki saba. Minong'ono ikaanza. Wengine walisema ana hiki, wengine walisema ana kile. Jumapili moja baada ya Misa ya kwanza nilimuita mama muuguzi pembeni, karibu na sakristia. Nikamwambia: "Mama, nasikia fulani anaumwa, na nasikia alikuja pale kwenu. Ana nini hasa? Nataka nimuombee."

Akainamisha macho kwa heshima, akasema: "Baba, nyumba yake unaijua."

Basi. Hakuongeza neno. Aliniaga, akaenda zake.

Sitaficha kwamba nilikasirika. Nilijiona mimi ni mchungaji wa roho za watu, niliyepewa dhamana na Mama Kanisa, na huyu mwanaparokia wangu ananijibu kama mtu wa kupita njia. Ilinichukua siku mbili kuona kwamba hakunikosea heshima hata kidogo. Alikuwa amenikumbusha kazi yangu. Nyumba ya mwimbaji yule ilikuwa mwendo wa dakika 15 tu kutoka parokiani, na kwa wiki saba sikuwa nimeinua mguu kwenda. Nilitaka habari za mgonjwa bila kumuona mgonjwa.

Ndugu msomaji, tufikiri kidogo juu ya mji kama wetu. Katika jiji kubwa kama Dar es Salaam, muuguzi wa Muhimbili anaweza kumhudumia mtu leo na wasionane tena maisha yao yote. Mtwara si hivyo. Muuguzi anayeishi Chuno anawahudumia watu anaoishi nao. Mgonjwa wake ni fundi anayemshonea kitenge, ni mwalimu wa mtoto wake, ni dereva wa bodaboda anayempeleka kazini akiwa na zamu ya usiku, ni mama ntilie anayemuuzia chai na mhogo. Aliyempima mwenye nyumba wake asubuhi, jioni anampelekea kodi. Anaketi kwenye benchi moja kanisani na binti ambaye wiki iliyopita alimpokea akilia. Anahudhuria msiba akijua marehemu alikufa kwa nini, huku waombolezaji wakitafuta mchawi.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Katika mji mdogo muuguzi ndiye kata. Anaingia ndani ya mtungi wa kila nyumba, na akitoka lazima awe mkavu.

Yapo mengi yanayotegemea unyamavu huo. Tuna methali nyingine tunayoipenda: mficha maradhi kifo humuumbua. Tunaisema kwa kumlaumu mgonjwa, kana kwamba ni mjinga au mkaidi. Lakini mara nyingi mtu hafichi maradhi, anajificha kwa watu. Yuko tayari kabisa kumuonesha daktari kidonda chake. Asichokuwa tayari nacho ni kukisikia kidonda chake kikizungumzwa kesho yake kwenye foleni ya maji.

Kila padre anayetembelea wagonjwa anamjua mtu wa namna hii. Anatumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na kituo cha afya kipo karibu na kwake. Lakini anakipita. Anapanda basi hadi Lindi, au Nyangao, au Ndanda, safari ya zaidi ya kilomita 100 akitokea mjini Mtwara, ili achukue dawa mahali ambapo hakuna anayemjua. Msimu wa korosho anayo nauli. Msimu ukipita, nauli hakuna. Mwezi mmoja anaruka, mwezi wa pili anaruka. Dawa hizi hutakiwa kumezwa kila siku bila kukosa, na anayezitumia sawasawa huishi miaka mingi, hufanya kazi, hulea watoto. Ndugu yetu huyu akizidiwa, tunasema ugonjwa umemuua. Ugonjwa haukuwa peke yake. Ulisaidiwa na hofu ya midomo yetu.

Vivyo hivyo binti aliyepata mimba anakwepa kliniki hadi siku ya uchungu, kwa sababu nesi wa pale ni jirani ya shangazi yake. Na baba mzima anayekohoa kwa mwezi wa pili anajinunulia vidonge duka la dawa bila kipimo, kwa sababu akionekana kwenye benchi la wanaotoa makohozi, mtaa mzima utajua jioni. Wote hawa tunaweza kuwapa semina na vipeperushi. Lakini wanachongojea ni jambo dogo zaidi: kujua kwamba yule mtu mmoja aliyevaa sare nyeupe hatasema.

Tukigeukia Maandiko Matakatifu, tunamkuta Bwana wetu akilijali jambo hili kuliko tunavyodhani. Katika Injili ya Marko (7:33), watu wanamletea Yesu kiziwi mwenye utasi, naye kabla ya kumponya anamtenga na mkutano, wakawa wawili peke yao. Katika sura inayofuata (8:23), anamshika mkono kipofu wa Bethsaida na kumtoa nje ya kijiji ndipo anamponya. Nyumbani kwa Yairo (5:40) anawatoa watu wote nje, anabaki na wazazi wa mtoto na wanafunzi watatu tu. Yesu angeweza kuponya hadharani, na mara nyingine alifanya hivyo. Lakini alijua kwamba kuna wagonjwa wanaohitaji mlango ufungwe kwanza.

Labda utaniuliza: na yule mwanamke aliyetokwa damu miaka 12? Je, Yesu hakumtoa hadharani kwa kuuliza ni nani aliyemgusa? Soma tena kwa utulivu (Marko 5:25-34). Yesu aliuliza nani aliyemgusa, lakini hakutaja ugonjwa. Ugonjwa ule, kwa Sheria ya Walawi, ulimfanya mwanamke kuwa najisi mbele ya jamii yake. Kinywa kilichousema kilikuwa kinywa cha mama mwenyewe, kwa hiari yake, naye Yesu akampa jina la binti. Habari ya ugonjwa ni mali ya mgonjwa. Ni yeye mwenye haki ya kuamua lini, wapi na kwa nani.

Na tusimsahau Mtakatifu Yosefu. Nazareti kilikuwa kijiji kidogo kuliko Chuno. Alipojua kwamba Maria ana mimba, kabla malaika hajamweleza fumbo lile, angeweza kulisema jambo hilo kila mahali na watu wangemuunga mkono. Mathayo (1:19) anatuambia kwamba kwa kuwa alikuwa mtu mwenye haki, hakutaka kumwaibisha. Tunaona hapo kwamba haki ya Yosefu ilianza kwa kufunga mdomo. Yoshua bin Sira naye (19:10) anamtania mtu asiyeweza kuvumilia na neno alilolisikia: anamhakikishia kwamba akilinyamazia, halitampasua tumbo.

Nilipokuwa seminarini tulifundishwa kwa ukali juu ya siri ya kitubio. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 983, haimruhusu padre kumsaliti mwenye kutubu kwa neno wala kwa namna nyingine yoyote, na kwa sababu yoyote ile. Siri hiyo haina mlango wa dharura. Siri ya muuguzi si sawasawa na hiyo. Muuguzi analazimika kumweleza daktari, kumkabidhi mgonjwa kwa mwenzake wa zamu inayofuata, na kutoa taarifa pale mtoto anapoumizwa au maisha ya mtu yanapokuwa hatarini. Kunyamazia ukatili si kutunza siri. Hayo tuyatofautishe vizuri.

Hata hivyo, kadiri nilivyofikiri, ndivyo nilivyoona kwamba kwa namna fulani mzigo wa muuguzi ni mzito kuliko wangu. Mimi nasikia dhambi kwenye kiungamio, mara nyingi hata uso wa mtu siuoni, na nikitoka naiacha pale kwenye huruma ya Mungu. Muuguzi anauona uso. Anaandika jina. Anatakiwa akumbuke, maana mgonjwa atarudi mwezi ujao. Kiungamio changu kina ukuta wa mbao. Chumba chake pengine kina pazia tu, na nje ya pazia kuna watu 30 kwenye mabenchi.

Wauguzi wenyewe hawakulifahamu hili kwa bahati. Kiapo kinachobeba jina la Florence Nightingale kiliandikwa Detroit, Marekani, mwaka 1893. Si yeye aliyekiandika, wenzake walikitunga kwa heshima yake. Mwenye kukila anaahidi kutunza siri alizokabidhiwa, na pia mambo ya familia anayoyafahamu kwa sababu ya kazi. Waliokiandika walielewa kwamba muuguzi huona zaidi ya jeraha, huiona nyumba nzima. Hapa kwetu nayo sheria ipo: Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa anayepima na anayeishi na virusi. Lakini sheria huja baada ya siri kuvuja, na siri ikivuja hairudi, kama maji yaliyomwagika mchangani.

Tatizo, ndugu zangu, ni kwamba sisi wenyewe tunamjaribu muuguzi kila siku. Tuseme ukweli. Katika jumuiya ndogo ndogo tunaanza: "Tumuombee mwenzetu fulani, maana nasikia ana..." Hapo sala imegeuka taarifa ya habari, na macho yote yanamgeukia dada nesi aliyekaa kwenye kona ya mkeka, kusubiri atikise kichwa. Mama mwenye kijana anayetaka kuoa anamfuata muuguzi jioni na kilo mbili za korosho: "Mwanangu, yule binti wa mtaa wa pili huwa anakuja kwenu?" Jibu la hilo si korosho. Wachumba wahimizwe kupima pamoja kwa hiari yao na kuambiana ukweli wao kwa wao. Njia ya mkato ya kupitia kwa nesi ni wizi, hata ikifungwa ndani ya upendo wa mama.

Najua wapo wauguzi walioshindwa. Yupo anayeita kwa sauti dirishani, "wewe wa dawa zile, njoo!" Yupo anayepiga picha wodini na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp, sura ya mgonjwa ikionekana nyuma. Yupo anayesimulia kwa mafumbo bila kutaja jina, lakini katika mji wetu mdogo fumbo hilo linafumbuliwa kabla chai haijapoa. Kwa hao nasema kwa upendo wa kibaba: mnayemtaja hatarudi kwenu. Na hatawashitaki popote. Ataacha tu kuja, nanyi mtadhani amepona.

Sisi watu wa kusini hatuhitaji mgeni aje kutufundisha maana ya siri. Bibi zetu walipeleka mabinti unyago, na babu zetu walipeleka vijana jando, na yaliyosemwa kule hayakusemwa barabarani. Mtu mzima alitambulika kwa mambo anayoyajua na asiyoyasema. Kungwi aliyetoboa siri hakuitwa tena. Kama tuliweza kulinda mafundisho kwa namna hiyo, tunashindwaje kulinda jina la jirani aliyelala mgonjwa?

Na muuguzi je, nani anamhudumia yeye? Amekesha usiku na mama aliyempoteza mtoto. Asubuhi anapita sokoni, watu wanamwambia "mbona leo umenuna?", naye anatabasamu. Mume wake anamuuliza siku ilikuwaje, naye hawezi kumwambia. Kunyamaza kwa ajili ya wengine miaka nenda rudi kunachosha mwili na roho. Hivyo naomba mambo matatu. Wenye mamlaka ya kujenga na kukarabati vituo vyetu wakumbuke kwamba chumba chenye mlango unaofungwa nacho ni dawa. Maparokia yetu yasiwakumbuke wauguzi tarehe 12 Mei peke yake, siku yao ya kimataifa. Tuwaandalie siku ya mafungo ambapo hawatahudumia mtu, watahudumiwa wao. Na familia zao ziwape ukimya bila kuwahoji.

Wamonaki Wabenediktini waliofika Ndanda mwaka 1906 walikuja na Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ambayo katika sura ya 36 inaagiza kwamba wagonjwa wahudumiwe kabla na juu ya mambo yote, kama vile ni Kristo mwenyewe anayehudumiwa. Kama mgonjwa ni Kristo, basi siri ya mgonjwa ni siri ya Kristo. Anayeibeba na asiimwage amebeba kitu kitakatifu, awe Mkristo au Mwislamu. Na hapa Mtwara wengi wa wauguzi wetu wazuri ni dada na kaka zetu Waislamu, Mungu awazidishie.

Nimalizie na yule mwimbaji wetu. Nilikwenda. Nilimkuta amekaa kivulini nyuma ya nyumba, amekonda. Sikumuuliza anaumwa nini. Tulizungumza habari za kwaya, habari za mvua, tukasali, nikaondoka. Nilirudi wiki iliyofuata, na nyingine. Mara ya tatu alinieleza yote mwenyewe. Ugonjwa wake sitautaja. Si wangu kuutaja. Leo amerudi kwenye besi, na sauti yake mnaisikia. Nilimuuliza ni nini kilimpa moyo wa kwenda kutibiwa hapa hapa mjini badala ya kukimbilia mbali kama alivyokusudia kwanza. Akasema: "Baba, nilijua pale kuna mama mmoja. Yule hatasema."

Siku ya hukumu, Mathayo anatuambia (25:31-46), Bwana atawakumbuka wale waliokwenda kumtazama mgonjwa. Sijaona mahali alipowasifu waliopata habari zake. Kwa hiyo, ndugu msomaji, wiki hii ukikutana na muuguzi njiani, msalimie, mshukuru, umuache apite. Usimuulize kitu juu ya mtu. Na kama kuna mgonjwa unayetaka kujua hali yake, nyumba yake unaijua.

Ee Bwana Yesu, uliyemtenga kiziwi na mkutano ili umponye, wape wauguzi wetu nguvu ya kujua na kunyamaza, na utupe sisi miguu ya kwenda. Amina.

Jumapili njema.